Nimeweka nauli pembeni, lakini mume wangu ameniuliza ni ya nini

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma kama ilivyo.

Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto wawili, wa kike miaka 9 na wa kiume miaka 5. Huu ni mwaka wetu wa 8 ng'ambo. Mama yangu ana miaka 61. Miezi minne iliyopita aligundua uvimbe kwenye titi, akakatwa kinyama, majibu yakatoka kuwa ni saratani. Mimi sikuambiwa. Nimejua wiki tano tu zilizopita, tena kwa sababu binamu yangu alinitumia ujumbe wa pole akidhani ninajua. Nilikuwa kazini. Nilikwenda kujifungia chooni nusu saa nzima. Nilipompigia kaka, akaniambia mama ndiye aliyewaapisha wasinieleze. "Ataacha kazi apande ndege, na wanawe wataishije?" Hayo ndiyo maneno yake.

Basi nimeambiwa yote. Saratani imeshafika kwenye mifupa na kwenye ini. Daktari alimvuta kaka pembeni akamweleza. Mama anajua ana saratani, ila hajui imefika wapi, au sisi tunaamini hajui. Ameanza kemo, anachomwa kila baada ya siku 21, dozi sita kwa jumla. Amepata mbili, ya tatu ni Alhamisi ijayo. Kila nikipiga simu ananiambia, "Mimi sijambo, usije kwa ajili yangu."

Anayemuuguza ni dada yetu mkubwa. Wiki iliyopita nilimtumia dada orodha ya vyakula na vidonge nilivyosoma mtandaoni kwamba vinaua saratani. Nikamwambia pia amuulize daktari kwa nini mama hakufanyiwa upasuaji na kwa nini hapigwi mionzi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wewe ukikata simu unakwenda kulala. Mimi nikikata simu nakwenda kumgeuza mama." Akakata. Tangu siku hiyo ananijibu neno moja moja.

Huku nilipo, kibali chetu cha ukaazi kimeisha muda, tumeomba kipya, na tumeambiwa majibu yanaweza kuchukua hadi miezi 7. Nikitoka sijui kama nitaruhusiwa kurudi. Mume wangu anafanya kazi zamu za usiku, kwa hiyo watoto hawawezi kubaki naye peke yake. Nao hawajui kitu. Nimewaambia bibi amechoka. Juzi mdogo alimwona kwenye video amefunga kitambaa, akauliza nywele za bibi ziko wapi. Nilikata simu nikasema mtandao umesumbua.

Mama, tangu nilipojua nimekuwa nikiweka hela pembeni kila ninapolipwa. Majuzi mume wangu aliniuliza, "Hiyo nauli unaiweka ya kwenda kumwona mama, au ya kwenda kumzika?" Hakuuliza kwa ubaya. Nilishindwa kumjibu, na bado sijamjibu.

Niende sasa na nihatarishe maisha ya wanangu, au nisubiri kibali? Na nisipokwenda, mimi ni mtoto wa namna gani?

Ni mimi, kitindamimba.

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole pia kwa ile nusu saa ya chooni, maana hiyo hakuna aliyekupa pole yake.

Nianze na swali la mume wako. Wengi wetu tunaoishi mbali na wazazi huweka nauli ya msiba bila kujikiri. Nauli hiyo haihitaji uamuzi. Simu inalia usiku, unapanda ndege, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umekuja. Nauli ya kumfuata mtu aliye hai, tena anayekwambia kila siku kwamba hajambo, hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu ni lazima uitetee mbele ya mwajiri, mbele ya mwenzi wako, na mbele ya mama mwenyewe. Mimi nasema hela uliyoweka ni ya kumkuta mama anaweza kuzungumza na wewe. Ikitumika kwa hilo, halafu siku moja ukakosa ya kwenda kuzika, utaumia, lakini utakuwa na kitu mkononi. Ukiitunza ikaja kutumika mazishini, utafika umechelewa kwa lile lililokufanya uiweke.

Lakini usikate tiketi leo. Kesho tafuta mwanasheria wa mambo ya uhamiaji, au shirika linalowasaidia wahamiaji bure huko uliko, umuulize maswali mawili tu. La kwanza: nikitoka nchini ombi likiwa bado linashughulikiwa, litahesabiwa nimelifuta? Kuna nchi ambazo jibu ni ndiyo, kwa hiyo hofu yako si ya bure. La pili: kuna ruhusa ya kusafiri kwa dharura ya ugonjwa wa mzazi, au njia ya kuomba ombi lenyewe liharakishwe? Katika nchi kadhaa ipo, ila haitolewi kwa kulia kwenye dirisha la ofisi. Inataka barua ya daktari yenye jina la mgonjwa, ugonjwa, hatua uliyofikia, tiba anayopata, na kwa nini safari haiwezi kungoja. Mwombe kaka aifuatilie barua hiyo wiki hii, mama akienda kuchomwa dozi. Hata usipoitumia huko, mwajiri wako ataihitaji.

Sasa nikuambie jambo ambalo wauguzaji hulijua mwilini na sisi wa mbali hatulijui. Kemo ya kila siku 21 ina kalenda yake. Siku chache za mwanzo baada ya dozi ndizo za kichefuchefu, uchovu na kukataa kula. Kuanzia siku ya 7 hivi hadi ya 14, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka chini kabisa, na mwili hauna askari. Katika siku hizo homa ya nyuzi 38 ni dharura: mgonjwa anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, hapewi dawa ya kushusha homa kisha mkangoja kukuche. Dada ahakikishe kipimajoto kipo ndani ya nyumba. Kwenye wiki ya tatu wengi huamka. Wanakula, wanaongea, wanataka kukaa nje. Kisha dozi inayofuata inakuja.

Ukiishika kalenda hiyo, utaacha kumpigia mama siku ya tatu na kumtaka acheke. Mazungumzo marefu utayaweka wiki ya tatu. Na ukipata ruhusa ya wiki mbili tu, fika siku ya 12 hivi baada ya dozi, kaa naye wiki yake nzuri, mpeleke wewe kuchomwa dozi inayofuata, halafu ubaki zile siku nne tano mbaya zinazofuata. Ndani ya wiki mbili utakuwa umempata mama anayecheka na mama anayetapika, na dada yako atakuwa amelala. Ukiwa na kikohozi au mafua siku ya kufika, usiingie chumbani kwake kwa pupa ya kumkumbatia. Vaa barakoa au ungoje upone.

Kuhusu upasuaji na mionzi, maswali yako si mabaya, ila yana majibu ambayo dada hakupaswa kubebeshwa yeye. Saratani ya titi ikishafika kwenye ini na mifupa, kulikata titi hakutoi kilichoko kwenye ini. Ndiyo maana madaktari huanza na dawa inayotembea na damu na kufika kila pahali. Mionzi hupigwa sehemu moja inayosumbua, na kwa mfupa unaouma, mara nyingine dozi moja tu hutuliza maumivu. Kwa kuwa imefika mifupani, kuna dalili moja ambayo nyote muijue: maumivu makali mapya ya mgongo, miguu kuisha nguvu au kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa.

Ile orodha ya vidonge vya mtandaoni, mwanangu, ifute. Nasema kwa upendo. Baadhi ya vidonge na mitishamba hugombana na kemo au huongezea ini kazi, na ini la mama tayari lina ugonjwa ndani yake. Chochote atakachomeza, daktari wake ajue kwanza.

Hapo nimefika kwa dada, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1991 madaktari waliandika katika jarida moja la Marekani la tiba ya wazee kuhusu jambo walilolipa jina la binti kutoka California. Ni yule ndugu anayeishi mbali, anayeingia mwishoni na kuanza kudai vipimo na tiba ambazo waliokuwa kitandani kila siku wameshazijadili na kuziacha. Inasemekana huko California kwenyewe wanamwita binti kutoka New York. Sikuelezi haya ili nikufedheheshe. Binti huyo hana roho mbaya. Ana deni moyoni, anataka kulilipa kwa siku moja, na hela anazolipia ni amri.

Nami nimekuwa binti huyo. Baba yangu alipougua, nilitoka mbali nikapata siku 9 za kukaa naye. Siku ya pili aliniomba nimkate kucha. Nikamwambia, "Ngoja kwanza baba, namtafuta daktari." Siku zile 9 nilizimaliza kwenye korido na kwenye simu, nikigombana na watu kuhusu dawa ambayo haikuwa na faida kwake tena. Kucha alikatwa na mdogo wangu. Baba hakunilaumu kamwe, wala mdogo wangu. Ni mimi ninayezikumbuka zile kucha.

Kwa hiyo ukimpigia dada, usiombe msamaha wa jumla. Taja kosa: "Nilikutumia orodha kana kwamba hujui unachofanya. Nisamehe." Kisha ukae kimya umwache aseme, hata kama atasema mengi na yanachoma. Anastahili mtu mmoja wa kumlalamikia ambaye hatamwambia avumilie.

Halafu chukua kazi. Si kutuma hela peke yake, ingawa hela zinahitajika na usione haya kwamba hicho ndicho ulicho nacho. Kuna kazi nyingi za kuuguza ambazo hufanywa kwa simu na daftari, nazo ndizo humaliza nguvu za anayeuguza usiku. Nani anawajibu ndugu ishirini wanaouliza kila siku mgonjwa anaendeleaje? Uwe wewe. Andika taarifa moja kwa wiki kwenye kundi la familia, uwaambie wasimpigie dada. Nani anatunza tarehe za dozi, majibu ya damu, picha za vipimo na stakabadhi? Dada apige picha tu akutumie, wewe uziweke kwa mpangilio, ili daktari akiuliza mwezi uliopita damu ilikuwaje, jibu lipo. Na kama unaweza kulipia jambo moja, lipia mtu wa kulala na mama usiku mmoja kila wiki, dada aondoke kabisa nyumbani hapo. Muulize yeye usiku gani. Usimchagulie.

Kuna swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye familia yenu, au limeulizwa pembeni tu: tiba hii lengo lake ni nini? Katika hatua aliyofikia mama, kwa kawaida lengo ni kuudhibiti ugonjwa na kumpa muda mzuri, si kuufuta. Wapo wanaoishi nao miaka, na wapo ambao mambo huenda kasi. Baada ya dozi mbili tatu kwa kawaida hupima tena kuona kama dawa inafanya kazi. Kipimo hicho ndicho kitakachokusaidia kuamua safari kuliko kisio la mtu yeyote. Siku ya majibu, ombeni mtumie simu ya sauti wazi nawe uwepo, umuulize daktari hivi: "Ungekuwa wewe ndiye mwenye mama, na una safari moja tu, ungeifanya mwezi huu au ungengoja nusu mwaka?" Madaktari wengi hukwepa kutaja miezi, lakini swali hilo wanaweza kulijibu.

Siku hiyohiyo ulizeni kama hospitali ina tiba shufaa, yaani timu inayoshughulikia maumivu, kichefuchefu, usingizi na hofu za mgonjwa na za nyumba yake. Watu huikimbia wakidhani ni mlango wa kutokea. Mwaka 2010 ulitoka utafiti uliofanywa Boston kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba hiyo mapema, pamoja na matibabu yao ya kawaida, waliishi vizuri zaidi, huzuni yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao, na kwa wastani waliishi karibu miezi mitatu zaidi ya wenzao. Saratani ya mama ni nyingine, sikuahidi miezi. Ninachosema ni kwamba msingoje akaanza kulia kwa maumivu ndipo muulize.

Mnamficha mama ilikofika saratani yake. Nawaelewa. Ila fikiri: mtu anayeumwa mifupa, anayeona daktari akimwita mwanawe pembeni, anayeona mwanawe akirudi na macho mekundu, huyo hajui? Naye amekuficha wewe miezi mitatu. Katika nyumba yenu kila mtu anamlinda mwenzake, na kila mtu yuko peke yake. Usimtupie habari kwenye simu. Muulize: "Mama, daktari amekuelezaje? Kuna kitu ungependa kujua zaidi, au ungependa sisi tukibebe?" Jibu lake lolote liheshimiwe, hata akisema hataki kujua. Ni ugonjwa wake. Usimuulize tena kama uje, maana atasema hapana mpaka mwisho. Muulize, "Nikija, ungependa tufanye nini?" Utasikia sauti ikibadilika.

Watoto waambie leo. Tumia neno saratani, kwa sababu ukisema bibi amechoka, siku utakaporudi kutoka kazini ukasema umechoka watakuangalia kwa hofu. Wa miaka 5 anahitaji kujua mambo matatu: si kosa lake wala la mtu yeyote, haiambukizi hata akimbusu bibi, na wewe utamwambia kila linalobadilika. Nywele zimetolewa na dawa, si na ugonjwa, na dawa ikisha kwa kawaida huota tena. Wa miaka 9 ataenda kusoma mwenyewe akishasikia neno hilo, kwa hiyo mwambie akuletee alichokisoma. Kisha mpigieni bibi kwa video, mwache mdogo aulize kuhusu kitambaa. Nadhani mama atajibu vizuri kuliko wewe.

Kwa afya yako mwenyewe, mwambie daktari wako kwamba mama ana saratani ya titi na aliipata akiwa na miaka 61. Sehemu kubwa ya saratani hizi haitokani na kurithi, takriban 5 hadi 10 kati ya 100 ndizo zenye urithi, lakini yeye ndiye wa kukuambia uanze kupimwa lini.

Na mwanasheria akikuambia usitoke, kwamba ukitoka mlango umefungwa kwa wewe na wanao? Basi usitoke, na usijiite majina. Mama aliwaapisha watoto wake ili wewe usipoteze ulichojenga, na kumtii katika hilo si kumtupa. Nenda kwa sauti basi. Wiki zake za tatu mpigie mrekodi, kwa ruhusa yake: alikuzaaje, jina lako lilitoka kwa nani, alikuwa mtoto wa namna gani yeye. Nauli ile itumike kumpeleka kaka au dada kupumzika, au igharimie kipimo. Usiiache imelala ikingoja simu ya usiku.

Umeniuliza wewe ni mtoto wa namna gani. Ni mtoto aliyeandika barua mara nne.

Alhamisi ni dozi ya tatu. Jumatano usiku mpigie dada, na kabla hujamuuliza mama anaendeleaje, muulize yeye usiku uliopita alilala saa ngapi.